Kifaru kipya cha Pyongyang: Silaha au pambo la gwaride?

OKTOBA 10, 2020, wakati Chama cha Wafanyakazi cha Korea ya Kaskazini kikiadhimisha miaka 75, vifaru vya aina isiyopata kuonekana vilipita usiku katika uwanja wa Kim Il Sung, jijini Pyongyang. Umbo lake lilifanana na Abrams vya Marekani na pia Armata vya Urusi. Wachambuzi kadhaa wa nchi za Magharibi walitilia shaka iwapo mitambo iliyofungwa juu yake ilikuwa ya kweli.

Kicheko hicho kilikuwa cha haraka mno. Machi 2024, shirika la habari la serikali, KCNA, lilisambaza picha za Kim Jong Un akikiendesha mwenyewe mazoezini. Oktoba 2025 kikarudi gwarideni kwa jina la Chonma-20.

Jina la Chonma, yaani farasi wa mbinguni, si geni. Liliwahi kupewa vifaru vilivyotokana na T-62 vya Kisovieti, vyenye magurudumu matano kila upande. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, vifaru vya Iraq vya asili hiyo viliteketezwa jangwani, mara nyingi kabla askari wake hawajamwona adui. Mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti ukasambaratika, na msaada wake ukaenda nao. Pyongyang ikabaki kujitegemea. Matokeo yake yalikuwa Pokpung, kifaru cha magurudumu sita ambacho ulimwengu haukukiona hadi 2010.

Kipya kina magurudumu saba, makombora mawili ubavuni na mirija inayoonekana kuwa ya kudungua roketi za adui. Lakini picha haipimi unene wa deraya wala haionyeshi kama mpiga mzinga anaona gizani. Tena sehemu kubwa ya vifaru vya nchi hiyo bado ni vikuukuu.

Lipo pia suala la mafuta, ambalo magwaride hulificha vizuri. Azimio namba 2397 la Baraza la Usalama, la Desemba 2017, liliiwekea nchi hiyo kikomo cha mapipa 500,000 ya mafuta yaliyosafishwa kwa mwaka. Hata hivyo, Machi 2024 Urusi ilitumia kura ya turufu kuliua jopo la wataalamu lililofuatilia vikwazo hivyo. Mwishoni mwa mwaka huo askari zaidi ya 10,000 wa Kim walikuwa Kursk, katika vita ambavyo droni za bei poa zimekuwa zikiteketeza vifaru vya mamilioni ya dola. Somo hilo hakuna kiwanda kingeweza kuwafundisha.

Seoul, iliyo umbali wa kilometa 50 hivi kutoka mpakani, ina vifaru vyake vya K2 ambavyo hata Poland imevinunua. Lakini haikupuuza taarifa za mazoezi yale ya Machi. Kikosi kilichotangazwa mshindi kilikuwa Divisheni ya 105, kilekile kilichoingia Seoul na vifaru vya T-34 mwezi Juni 1950.