Balbu za kuwashwa kwa simu: Vuga tusikimbilie

Mfanyabiashara wa Vuga anayepeleka kabichi Dar es Salaam angependa taa ya duka lake iwake jioni hata akiwa safarini. Ndiyo maana balbu zinazowashwa kwa simu zinavutia. Lakini kabla hajatoa fedha, ni vema ajue zinavyofanya kazi.

Balbu nyingi za aina hii, kama zile za mfumo wa Zigbee, hupokezana ujumbe. Kifaa kikuu huipa amri balbu ya karibu, nayo huipitisha kwa ya mbali. Mtu akizima swichi ya ukutani, balbu hiyo haitoi mwanga wala haipitishi ujumbe. Kama hakuna nyingine karibu ya kushika zamu yake, taa ya stoo haisikii amri tena ingawa ni nzima. Kuta nene nazo hudhoofisha mawimbi.

Umeme ukikatika, mtandao wote hulala. Ukirudi usiku wa manane, balbu nyingi za namna hii huwaka zenyewe. Na intaneti ikikatika, aliye Dar es Salaam hawezi kuamuru lolote.

Kwa maoni yangu, nyumba nyingi zinatosheka na balbu ya kawaida ya LED. Nje ya duka, ifungwe taa yenye kihisi cha mwanga. Giza likiingia huwaka bila simu wala intaneti. Anayetaka za simu aanze na mbili, azijaribu mwezi mzima, na swichi zake zisizimwe. Akiridhika, ndipo aongeze.