Haraka Isitufungulie Wezi Mlango

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa tushike lipi? Nimelitafakari swali hili kwa kuangalia jinsi simu na kompyuta zinavyopokelewa kwenye Wi-Fi, yaani mtandao usiotumia waya, nami nina maoni yangu.

Jamani, jambo hili si la wataalamu wa Nairobi peke yao. Hapa Tabaka mchongaji wa mawe ya sabuni hupiga sanamu yake picha, akamtumia mnunuzi aliye ng'ambo, wakaelewana bei. Akiingia dukani na kuuliza paswadi, anaonyeshwa ukutani. Ni rahisi, kweli. Lakini paswadi inayojulikana na soko zima si kufuli tena. Mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kutengeneza mtandao bandia wenye jina lile lile, na simu yako ikaingia bila kukuuliza.

Tazameni yaliyotokea. Mwaka 2007 ililetwa mbinu iitwayo WPS, ya kuunganisha kifaa na ruta upesi kwa tarakimu 8 badala ya paswadi ndefu. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha zile nyingine tu, kwa hiyo mwizi alipaswa kubahatisha tarakimu 7, yaani hadi majaribio milioni 10. Kumbe wapi! Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kuwa ruta hukagua nusu ya kwanza peke yake na nusu ya pili peke yake. Basi ni majaribio 10,000 kwa ya kwanza na 1,000 kwa ya pili; jumla 11,000. Kompyuta inaweza kumaliza kazi hiyo kwa saa chache.

Je, tuwasumbue watu kila mara? La hasha! Ukaguzi ukichosha, watu huukwepa. Ndiyo maana paswadi hubandikwa ukutani.

Mimi naonelea ukaguzi uwe mkali mara ya kwanza, kisha uwe mwepesi, na kila mtu awe na ufunguo wake. Ndivyo ilivyo eduroam, ambayo hapa Kenya huendeshwa na KENET kwa ajili ya vyuo. Mwanafunzi akizuru chuo kingine, mitambo ya huko huuliza chuo chake, "Huyu ni wenu?" Swali hilo huchukua muda kidogo. Akishakubaliwa, ruta inaweza kuukumbuka ufunguo wake kwa muda, asisumbuliwe tena kila anapotoka na kurudi. Simu ikiibwa, hufutwa ufunguo mmoja tu, wengine wakaendelea na kazi.

Shule na maduka yetu yaanze kidogo kidogo: WPS izimwe, wageni wapewe mtandao wao, na mtandao wa kazi uwe na paswadi ndefu inayobadilishwa mfanyakazi aondokapo. Urefu usiwatishe, bwana. Unaiandika mara moja, simu inaikumbuka.

Wachongaji wetu wanalijua hili. Jiwe hukaguliwa nyufa kabla ya kutiwa panga. Likishakubalika, mkono huenda mbio. Nawe msomaji, waonaje?