Chipo Zimejaa, Uzeni Ndengu

Wasee, tuongee ukweli. Tembea Wote mjini au Kitui mjini, kila hoteli mpya ya vijana ni ile ile: kabati la kioo, balbu ya njano, chipo, kuku, smokie, na jina kubwa la Kizungu ukutani. Viazi vyenyewe vimetoka mbali kwenye baridi, maana hapa kwetu joto haliviruhusu. Na huko shambani kwa mamako kuna ndengu, mbaazi, kunde na mtama, lakini unasema huna cha kuuza. Mimi hiyo siielewi.

Sisi tuko wanne, tumechanga pesa mwaka mzima, tunataka kufungua hoteli ya chakula cha haraka chenye afya. Ama tulikuwa tunataka. Sai wawili wamegeuka, wanataka mashine ya chipo. Nikitaja isyo na ndengu naambiwa hicho ni chakula cha shosho, nani atalipa?

Sawa, twende na chipo. Mnakumbuka Januari 2022? KFC Kenya iliishiwa na chipo. Wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi, lakini vya KFC vilikuwa vinatoka ng'ambo kwa meli, na meli zikachelewa. Watu wakawaka mtandaoni hadi kampuni ikasema itatafuta wakulima wa hapa. Hiyo ni kampuni iliyoingia Kenya 2011, na pesa iko nayo. Sasa wewe na mashine yako moja Wote, viazi na mafuta vikipanda bei wiki moja, utasimama na nini?

Kuna wale watanitajia Sweetgreen ya Marekani. Vizuri, tuitaje. Marafiki watatu walimaliza chuo cha Georgetown wakafungua kiduka kidogo cha saladi Washington mwaka wa 2007. Novemba 2021 wakaingia soko la hisa la New York. Watu wanapenda kusimulia hiyo sehemu. Ile hawasimulii ni kwamba walipoingia huko bado kampuni ilikuwa inakula hasara, miaka 14 baadaye. Kwa hivyo mtu akikuambia bizna ya chakula ni pesa ya haraka, mwangalie mara mbili. Kitu cha kuiga kwao ni kununua kwa mkulima unayemjua na kubadilisha menyu kulingana na msimu. Majani yao waachie, sisi tuko na kunde.

Na msimu kwetu si mchezo. Kitui ni moja ya kaunti zinazotoa ndengu nyingi Kenya, na wakati wa Gavana Charity Ngilu kaunti iligawa mbegu watu wapande zaidi. Kupanda tulipanda. Lakini gunia likifika sokoni broker ndiye anasema bei, na hiyo ndengu unaikuta Nairobi kwa sahani, bei mara kadhaa. Makueni nako maembe yakiiva yanaanguka hadi mbuzi wanachoka. Kiwanda cha Kalamba kinasaga rojo, kimesaidia, lakini kiwanda kimoja hakiwezi kumaliza maembe ya kaunti nzima. Glasi ya juisi bila sukari ya kuongeza, hapo hapo Wote, inashindwa na nini?

Wale wa kusema chakula chetu kinachelewa kuiva wako na pointi, nusu. Isyo inataka moto mrefu na kuni ama makaa ni pesa. Lakini unaloweka usiku, unachemsha alfajiri sufuria moja kubwa, mteja akifika unakaanga yake na kitunguu na sukuma dakika tano. Ndengu ndiyo rahisi zaidi. Hata chipo lazima zimenywe kwanza, ama mlidhani zinaota zikiwa zimekatwa?

Tusidanganyane pia kwa hilo neno "afya". Muthokoi imekobolewa, ganda lote limeenda, kwa hivyo isyo yenye ganda inaishinda kwa nyuzinyuzi. Na ukimwaga nusu lita ya mafuta na unga wa mchuzi wa pakiti, hiyo ndengu yako haina tofauti na zile chipo unazozicheka. Mteja akilipia afya, mpe afya.

Kile kinanitia wasiwasi kuliko menyu ni sisi wenyewe. Bizna za marafiki huku zinaliwa na wenyewe. Leo umekula bure, kesho binamu yako, kesho kutwa umetoa mia tano kwa droo "nitarudisha". Nani ataongea? Ni beshte yako. Shosho zetu walichimba matuta ya Ukambani kwa mwethya, na mwethya haikuwa urafiki wa kuchekeana. Ilijulikana nani amekuja na jembe na nani amebaki nyumbani. Sisi tunaogopa hata kuandika karatasi moja: nani ameweka ngapi, nani anapika, nani anashika hesabu, mtu akitoka analipwaje. Na kwa ubia, deni la hoteli ni deni lenu nyote, hata kama ni mmoja alikopa unga. Andikeni kabla ya kununua sufuria. Mwenye hataki kuandika, mimi namwona ameshaanza kutoka.

Kuna na vibali: leseni ya kaunti, cheti cha afya cha kila anayegusa chakula. Hiyo haikwepeki, wekeni kwa bajeti.

Jumamosi tunapiga kura, mashine ya chipo ama sufuria mbili kubwa. Wale wa SEKU na wale wa Wote, niambieni kabla ya hapo: sahani ya isyo, ndengu na kunde, na glasi ya embe kando, mtalipa ngapi? Msiseme "inategemea". Semeni bei.