Wapiga solo, punguzeni mwendo

Wimbo ukifika kwenye chemko, waimbaji wakanyamaza na mpiga tumba akaongeza moto, macho yote humgeukia mpiga solo. Hapo ndipo vijana wengi wanaopiga gitaa siku hizi, ukumbini na hata kanisani, huumbuka. Vidole vinakimbia, uso umekunjamana, bega limepanda karibu na sikio, lakini kinachotoka kwenye spika ni vurugu: nota tatu zinasikika, mbili zimemezwa, ya sita imechelewa. Mashabiki hushangilia kwa sababu wameona jasho. Wapiga gitaa waliopo ukumbini hutazamana tu.

Uvivu si tatizo lao. Vijana hawa wanafanya mazoezi, tena kwa saa nyingi. Wanakosea kwa kuanza na mwendo wa mwisho. Mtu anasikia sebene, ile sehemu ya kasi inayoongozwa na gitaa, la Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani aliyebandikwa jina la "Machine Gun", na siku hiyohiyo anataka kulipiga kama lilivyo kwenye rekodi. Anasahau kwamba Diblo alipoanza kutikisa Paris na mwimbaji Kanda Bongo Man mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa ameshakomaa kwenye gitaa. Akiwa na umri wa miaka 15 tu alikuwa amepita kwenye bendi ya Franco, nguli wa rumba ya Kongo. Kanda ndiye aliyeikata sehemu ya taratibu ya rumba na kuingia sebeneni moja kwa moja. Wasikilizaji wakazoea gitaa la kasi tangu sekunde za kwanza za wimbo, na wanafunzi wakadhani kujifunza nako kunaanzia hapo.

Mkono una hesabu zake. Mapigo 120 kwa dakika ni mapigo mawili kwa sekunde. Ukitia nota nne ndani ya kila pigo, unapiga nota nane kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, piki inayotupwa sentimita mbili mbali na uzi haina muda wa kurudi. Inayosogea milimita chache inao. Ndiyo maana ukimtazama mpigaji wa kasi wa kweli, mkono wake wa kulia ni kama haufanyi kitu. Ncha ndogo tu ya piki imechomoza kati ya gumba na kidole cha shahada, nayo inashuka na kupanda kwa zamu. Kinachotikisika ni kifundo cha mkono, kiwiko kimetulia. Mkono ukikakamaa na kuanza kuuma, mwanafunzi asijione shujaa. Aweke gitaa chini.

Mwendo wa taratibu una faida moja ambayo hakuna njia ya mkato inayoweza kuitoa: unamwezesha mpigaji kusikia ni nota ipi hasa inayochelewa. Metronomu iwekwe kwenye 60, kipande kiwe kifupi, nota nane tu, wala si wimbo mzima. Kikitoka safi mara kadhaa mfululizo, apande mapigo manne au matano. Kikichafuka, arudi chini bila aibu. Vidole havijui lipi ni kosa. Vikirudia kosa mara mia, vitalikariri kosa hilo kama ambavyo vingekariri kilicho sahihi.

Usingizi nao umo. Mwaka 2002 mtafiti Matthew Walker na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walifundishwa kubonyeza vitufe kwa vidole kwa mfuatano maalumu. Waliolala usiku waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 20, bila mazoezi ya nyongeza. Kwa mpiga gitaa, maana yake ni kwamba nusu saa ya mazoezi kila siku, yenye usiku wa kulala katikati, ni bora kuliko saa nne za Jumamosi.

Lakini kuna jambo ambalo masomo ya mtandaoni, mengi yakiwa ya wapigaji wa roki wa Marekani na Ulaya, hayawaambii vijana wa huku. Kasi ya gitaa la Afrika Mashariki na Kongo mara nyingi haikuwa ya kukimbiza mfululizo mmoja wa nota. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alitumia vidole viwili tu, gumba kwenye nyuzi nene na shahada kwenye nyembamba. Gumba lilishika mdundo wake, shahada ikaingia kwenye mapengo, na msikilizaji akaapa kwamba magitaa ni mawili. Mtafiti David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji huo mwaka 1961, na baadaye Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, jimbo lililokuwa na Likasi, kuufuata, akaandika kitabu kiitwacho Shaba Diary. Vijana wa huku, ambao gitaa hilo lilizaliwa jirani nao na wanaoelewa hata maneno ya Kiswahili aliyoimba Mwenda, hawana sababu ya kumsikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa Mzungu.

Bendi ziliigawa kazi hiyo kwa watu: solo, gitaa la pili, ridhimu, besi. Katika benga ya D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, magitaa hufuata mtindo wa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na nota hudondoka kama mvua ya masika. Kumbe kila mpigaji amebeba sehemu yake tu, na ameipanga pasipo na ya mwenzake. Hata mpiga solo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, hangeingizwa kwenye mashindano ya kasi. Nota zake zinasikika moja moja hata kwenye redio mbovu, na huo ni ufundi mgumu zaidi.

Shule ya mkono wa kulia ilikuwa gitaa la ridhimu. Leo bendi nyingi zimebaki na gitaa moja, kinanda kimejaza nafasi zilizobaki, na kijana anatupwa kwenye solo kabla mkono wake haujajua kukaa ndani ya mdundo. Viongozi wa bendi na walimu wa kwaya wanaweza kulirekebisha hili bila gharama: wampe ridhimu kwanza, tena kwa miezi, na mara mojamoja wamsikilize bila amplifaya, maana hapo hakuna mwangwi wa kufichia uchafu. Naye kijana hahitaji kungoja mwalimu. Simu iliyo mfukoni mwake inaweza kuchezesha video kwa nusu ya mwendo huku nota zikibaki palepale. Aanze na nota nane za kwanza za sebene analolipenda, leo jioni.