Malaika gani wamefika Salamabila?

Katika wilaya ya Kabambare neno malaika limebeba maana mbili zisizopatana. Kanisani na msikitini, malaika ni mtumishi wa Mungu. Kwenye barabara ya Salamabila, tangu miaka ya 2010, ni mtu mwenye bunduki, mpiganaji wa kundi la Mai-Mai Malaika. Jamaa zilizokimbia vijiji vyao zinajua ni maana ipi iliyowafanya wafunge mizigo usiku.

Neno lenyewe ni la zamani sana. Kwa Kiebrania mal'akh ni mjumbe, mtu aliyetumwa. Ndiyo maana jina la nabii Malaki hufasiriwa "mjumbe wangu". Waarabu husema malak kwa mmoja na malaika kwa wengi. Waswahili walichukua lile la wengi wakalitumia kwa yote: malaika mmoja, malaika kumi. Wagiriki walitumia neno lao la mjumbe, angelos, na kutoka hapo Wafaransa wana ange, Lingala ina anzelu. Kwa hiyo anayeomba kwa Lingala na anayeomba kwa Kiswahili wanamtaja mjumbe yule yule.

Kasongo ililipokea pamoja na Kiswahili cha misafara ya pwani, siku za Tippu Tip, misafara ya pembe na ya watumwa pia. Si mara ya kwanza, basi, neno zuri kuingia Maniema likiwa pamoja na bunduki.

Kiswahili kikaongeza yake: mtoto mchanga ni malaika, kwa kuwa hana kosa. Hapo ndipo panapouma. Mama aliyefiwa na mtoto ukimbizini huambiwa kwamba mtoto wake ni malaika sasa. Faraja hiyo atapewa kwa neno gani, ikiwa redio ya asubuhi imetangaza kwamba malaika wamechoma nyumba?

Kundi linaweza kujiita litakavyo. Lakini mtangazaji halazimiki kulifupishia jina. Aseme "wapiganaji wa Mai-Mai Malaika", au "watu wenye silaha", kila mara, hata kama habari ni fupi. Na anayepiga simu kuonya ndugu zake walio njiani afanye vivyo hivyo, maana anayesikia nusu ya neno kwenye mtandao mbovu anatakiwa kujua kama akimbie au abaki.