Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wako watu wapitao katika vijiji vya Meru wakituambia tuing'oe migomba yetu, tupande mizabibu ya divai nyekundu. Husema hivi: "Dodoma ni nchi kame, na tazameni, watu wake huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Ninyi wenye mvua na mifereji mtashindwaje?"

Maneno haya ni matamu, lakini yamesimama kichwa chini, miguu juu. Wamisionari wa Bihawana walipopanda mizabibu kule Dodoma, mti ule ulistawi kwa ajili ya jua jingi na kiangazi kirefu. Mzabibu hupenda maji mizizini, wala haupendi maji majanini. Jani likishinda limelowa, koga huingia, na matunda huoza kabla hayajaiva. Nasi huku tuna masika tangu Machi hata Mei, kisha mawingu na baridi ya Juni na Julai, na vuli mwezi wa Novemba. Mwenye shamba zima la mizabibu hana budi kununua dawa ya koga kila mara; asiponunua, atavuna majani.

Labda mtu atanijibu: "Hata kahawa ilitoka mbali, nayo imetusomeshea watoto." Ni kweli. Lakini kahawa ilikubali kukaa chini ya kivuli cha mgomba, kama mgeni akaaye pamoja na wenyeji. Mzabibu hautaki kivuli. Wataka nyumba nzima. Basi mgomba ukiisha kung'olewa, watoto watakula nini? Ng'ombe atapewa nini? Maana majani na shina lake ni malisho, samadi ya ng'ombe ni mbolea, na mbolea humrudia mgomba. Katika kihamba kisichotimia hata eka moja, ni nani atakayeuunga mviringo huo ukiisha kukatika? Na kama haja ni divai, mjini Arusha hutengenezwa divai ya ndizi, tunda lile lile tunaloambiwa tuling'oe.

Mimi sikatazi mzabibu. Panda miwili au mitatu karibu na nyumba, penye jua na upepo, uijengee kichanja. Ikate matawi mwezi wa Juni, masika yakiisha. Matunda yataiva yapata miezi minne baadaye, kabla ya vuli. Mzabibu usiokatwa huzaa majani mengi na matunda machache. Nawe utakaye divai nyekundu, usikamue maji ukatupa maganda, kwa sababu wekundu umo katika maganda. Ziponde zabibu, ziache zichachuke pamoja na maganda yake.

Ukiisha kuvuna miaka mitatu bila hasara, ndipo unene habari za shamba. Asiyeweza kutunza mizabibu miwili, ataitunzaje mia mbili? Na huyo aliyekuuzia miche, siku ya njaa hutamwona mlangoni pako.