Barafu ikija Bariadi, tutakula nini?

Watoto wakifunga shule, maswali hayaishi. Mojawapo wiki hii: enzi ya barafu ikirudi ghafla, sisi wa Bariadi tutaponaje? Usimcheke mtoto anayeuliza hivyo, hata kama barafu unayoijua wewe ni ile ya ukwaju.

Enzi ya barafu ya mwisho ilifika kilele miaka 20,000 hivi iliyopita. Kaskazini mwa Ulaya na Kanada zilifunikwa na barafu nene. Huku kwetu barafu ilibaki milimani, Kilimanjaro na Rwenzori. Kilichotufikia nyanda za chini ni ukame, maana bahari ikipoa hutoa mvuke kidogo na mvua hupungua. Watafiti waliochimba matope chini ya Ziwa Victoria waligundua kwamba kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita ziwa hilo lilikauka. Ziwa zima!

Na baridi ya ghafla imewahi kutokea. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka 1815, gesi na vumbi lake vikafifisha jua, na mwaka 1816 Ulaya ikakosa majira ya joto. Mazao yaliharibika, bei ya nafaka ikapaa, wengi wakafa njaa. Kilichowaua zaidi ni ghala tupu.

Kwa ghala, Wasukuma hatuhitaji kufundishwa na Mzungu. Viazi vitamu vibichi hukatwa vipande, vikaanikwa juani hadi vikauke kau: hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa, na mtoto anaweza kuyatafuna makavu akielekea machungani. Michembe ikipikwa na karanga, hakuna anayekumbuka mkate. Mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi, ingawa vijana wetu siku hizi wanaona ugali wa mtama ni wa wazee. Mifugo nayo ina ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yafunguliwe kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, sisi tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, ulizifufua nyingi.

Linalonisumbua ni kihenge. Mama analima, anapalilia, anaanika. Ikifika siku ya kuuza, anaambiwa tu kwamba gunia tano zimeondoka. Pamba ni ya kuuza, sawa. Chakula je? Kaeni wawili, mhesabu midomo ya nyumbani, mhesabu debe kwa mwezi hadi mavuno yajayo, na kinachozidi ndicho kiende mnadani. Baba anayefungua kihenge mwezi wa saba ili amalizie deni la pikipiki, aulizwe mwezi wa pili watoto watakula nini, na aulizwe kabla gunia halijafungwa kwenye baiskeli.